Homa ya Viungo, Zalio na Mtoto: Jibu kwa Mama wa Langoni

Mama mmoja wa mtaa wa Langoni, Lamu, ameniandikia hivi: "Shikamoo daktari. Nina miaka 27, mimba yangu ya pili imetimia wiki 22. Wiki tatu zilizopita nilishikwa na homa siku nne, viungo vikaniuma hata kikombe nikashindwa kukishika, kisha nikatoka vipele. Zahanati walinipima malaria, hakuna. Wakaniambia ni virusi tu, itapita. Nilinunua brufen dukani nikanywa siku mbili. Homa imekwisha lakini kila asubuhi vidole bado vizito. Mavyaa wangu anasema homa ile imeunguza zalio. Binamu yangu amenitumia picha za watoto wenye vichwa vidogo. Mwanangu mkubwa ana miaka mitatu, yuko chekechea. Je, virusi vimemfikia mtoto? Zalio limeharibika? Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na maneno yaliyonikaa moyoni ni hayo uliyoambiwa: "ni virusi tu." Kwa kijana asiye na mimba maneno hayo yanaweza kutosha. Mjamzito hayamtoshi hata kidogo. Kuna mambo mawili hayaachwi bila kuulizwa: ni virusi gani, na vilimkuta akiwa wiki ya ngapi. La pili umenipa wewe mwenyewe bila kujua, maana wiki 22 ukitoa tatu ni wiki ya 19. La kwanza ndilo tulitafute pamoja. Nikwambie mapema pia, kabla hujaendelea kusoma kwa hofu: kwa ulivyoeleza, uwezekano mkubwa ni kuwa mtoto wako yuko salama. Ila kuna kipimo kimoja nataka ukifanye wiki hii, usingoje tarehe yako ya kliniki.

Nianze na zalio, kwa sababu ndilo linalomtia wasiwasi mavyaa wako, na wasiwasi wake si wa kupuuzwa.

Zalio, au kondo la nyuma kama lilivyoandikwa vitabuni, mimba ikifika mwisho huwa na uzito wa karibu nusu kilo. Nikilipokea hulilaza kwenye treya chini ya taa. Upande uliokuwa umeshikana na mfuko wa uzazi ni mwekundu wa kuiva, umegawanyika mafungu mafungu, laini kama ini. Ukiligeuza, upande wa mtoto unang'aa, na mishipa imetambaa kutoka kwenye kamba ya kitovu mpaka pembeni. Lakini kazi yenyewe inafanyika ndani, na mtu wa Lamu simtafutii mfano wa mbali. Katazame mikoko maji yakijaa. Mizizi imezama, maji yanaizunguka pande zote, mti unavuta unachokihitaji, na bahari haiingii ndani ya mti. Hivyo ndivyo vijitawi vya zalio, maelfu kwa maelfu, vilivyozama ndani ya damu yako. Damu ya mtoto inapita ndani ya vijitawi, yako inapita nje. Hewa safi na sukari zinavuka kwenda, uchafu unavuka kurudi, na damu mbili hazichanganyiki.

Ganda la nje la vijitawi hivyo ni la ajabu. Sehemu nyingine za mwili zimefunikwa na seli zilizopangwa moja kando ya nyingine, na kirusi kinaweza kupenya kwenye kiungo kati yao. Kwenye zalio seli za nje zimeyeyukiana zikawa shuka moja lisilo na mshono. Hakuna tundu la kupita. Ndiyo maana mjamzito anaweza kupata mafua mara tatu mimba nzima na mtoto asijue lolote. Kwa hiyo homa haikuunguza zalio lako, mwambie mavyaa hivyo kwa adabu. Joto la mama likipanda, moyo wa mtoto huenda mbio, likishuka nao hutulia. Homa kali katika wiki za mwanzo kabisa, uti wa mgongo na ubongo vinapoumbwa, ni jambo jingine, na ndiyo sababu mjamzito hatuachi aungue na joto akisubiri lipite lenyewe. Wewe ulikuwa umeshavuka kipindi hicho kwa miezi.

Lakini ukuta mzuri si ukuta usioingilika. Kuna virusi vichache vilivyopata ufunguo wake, vingine havina haja ya kuingia ili vidhuru, na vingine hungoja mlango ufunguke siku ya kuzaa.

Katika vyenye ufunguo, cha kukumbukwa kwanza ni rubela, homa ya vipele inayofanana na surua. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Norman Gregg, aliona watoto wachanga wengi wana mtoto wa jicho, akagundua mama zao walikuwa wameugua rubela mwanzoni mwa mimba. Mama akiipata katika wiki 12 za kwanza, hatari ya mtoto kudhurika inaweza kufika asilimia 90: macho, moyo, masikio, ubongo. Kirusi kinapita kwenye zalio huku kikijeruhi mishipa yake, kisha kinakaa kwenye viungo vinavyoumbwa na kuvizuia kukua. Wiki zikisonga hatari inashuka. Baada ya wiki ya 16 kinachoogopewa zaidi ni uziwi, na ikikaribia ya 20 madhara huwa nadra.

Kisha kuna Zika, na hapo ndipo zilipotoka picha za binamu yako. Kirusi hicho kiligunduliwa mwaka 1947 kwa kima aliyewekwa na watafiti katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda, kikakaa miaka mingi bila kutajwa sana, mpaka mwaka 2015 Brazil ilipoanza kupokea watoto waliozaliwa na vichwa vidogo. Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura tarehe 1 Februari 2016. Kinachofanyika ndani ya zalio kinasikitisha: kuna seli za ulinzi za mtoto mwenyewe zinazokaa ndani ya vijitawi, na Zika inaingia humo humo ndani ya walinzi, ikazaana, kisha ikasafiri mpaka kwenye ubongo. Hata hivyo, miongoni mwa akina mama waliothibitishwa kuwa na Zika katika miezi mitatu ya kwanza, watoto walio wengi sana hawakupata ulemavu huo. Picha zile ni za kweli, na wale ni watoto wa watu. Lakini hazisemi chochote juu ya mtoto wako. Mwombe binamu aache kuzituma.

Virusi visivyohitaji kuingia tulivijua vizuri wakati wa korona. Mtoto alikuwa mara nyingi hana kirusi hata kimoja, ila zalio lenyewe limeziba. Rudi kwenye mikoko: fikiria tope limejaa katikati ya mizizi, maji yakija hayana pa kupita. Katika baadhi ya mazalio, damu ya mama iliganda kama utando mgumu katikati ya vijitawi, seli za uvimbe zikajaa, ganda likafa. Mtoto alikosa hewa akiwa mzima kabisa wa viungo. Wapo mama waliosema walisikia mtoto amepunguza kucheza siku mbili tatu kabla, wakadhani amelala. Hilo ndilo linalonifanya niwasisitizie wote, hata wasiougua: mtoto aliyezoea kucheza akipungua, usilale nalo. Nenda siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwako. Homa ya ghafla, viungo kushikana, vipele, malaria hakuna, na uko Lamu. Jambo la kwanza kunijia kichwani ni chikungunya. Jina lenyewe ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja kwa maumivu, na ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na 1953. Wazee wa mtaa wako hawahitaji kuelezwa. Mwaka 2004, kiangazi kikiwa kikali na watu wameweka maji ndani ya mapipa na mitungi, mlipuko ulianzia hapo hapo kisiwani. Watafiti walipopima damu mwezi Oktoba walikuta watu watatu kati ya wanne wameambukizwa. Ukatoka Lamu ukaenda Mombasa, ukavuka Comoro, na mwaka 2005 na 2006 ukafika kisiwa cha Réunion, ukapiga karibu thuluthi ya wakazi.

Yaliyoonekana Réunion ndiyo yatakayokutuliza. Madaktari wa huko walifuatilia wanawake 658 walioumwa chikungunya wakiwa na mimba, wengi wao katika miezi mitatu ya kati kama wewe, wakawalinganisha na wajawazito wasioumwa. Waliougua walilazwa hospitali zaidi. Lakini kuzaa kabla ya wakati, uzito wa mtoto, ulemavu, mtoto kufia tumboni: hawakuona tofauti. Shuka lile lisilo na mshono linakizuia kirusi hiki vizuri.

Hatari ya chikungunya iko siku ya kuzaa. Huko huko Réunion, mama 39 walioingia uchungu wakiwa na kirusi kwenye damu walifuatiliwa, na watoto 19 waliambukizwa. Karibu nusu. Uchungu unapobana, zalio linapata michaniko midogo na damu ya mama inamwagikia upande wa mtoto. Kupasuliwa hakukuwakinga. Na watoto wote walizaliwa wanaonekana wazima. Homa, kukataa ziwa na degedege vilianza kati ya siku ya tatu na ya saba, nusu yao wakaugua vibaya, wengi kwa kuvimba ubongo. Liweke hili akilini, nitalirudia.

Lakini kuna kitu kinanifanya nisite kukuambia ni chikungunya moja kwa moja. Una miaka 27. Kama ulizaliwa Langoni na hukuhama, mwaka 2004 ulikuwa mtoto mdogo kisiwani, na pengine uliipata wakati ule. Aliyeipata mara moja hubaki na kinga miaka mingi, na wengi hawaupati tena. Muulize mamako kama uliumwa. Akisema uliumwa vibaya, basi homa yako ya juzi huenda ilikuwa kitu kingine.

Kitu kingine kinaweza kuwa dengi, ambayo kamusi zetu zinaiita kidingapopo. Inaambukizwa na mbu wa mchana, yule yule anayeleta chikungunya, na Pwani si mgeni: mwaka 1982 ilizuka Malindi na Kilifi. Dengi inatisha siku homa inaposhuka, kati ya ya tatu na ya saba, mshipa unapovuja na damu kushindwa kuganda. Ungekuwa umeipata karibu na kuzaa ningehofia utoke damu nyingi. Wiki tatu zimepita na uko imara, kwa hiyo hatari hiyo umeshaivuka.

Na hapa ndipo sikubaliani na "virusi tu." Mwanamke mtu mzima akiwa na vipele na viungo kuuma, kuna virusi viwili ambavyo mbu hahusiki navyo kabisa. Cha kwanza ni ile rubela. Kampeni ya chanjo ya surua na rubela Kenya mwaka 2016 ililenga watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Wewe ulikuwa umeshapita umri huo. Cha pili wengi hawajawahi kukisikia: kinaitwa pavovirusi B19, na wanaokileta nyumbani ni watoto wa umri wa mwanao. Mtoto hupata homa ndogo na mashavu yanayowaka kama amezabwa kofi. Kwa ngozi zetu wekundu hauonekani. Mama hugundua kwa kugusa, shavu lina joto na limekwaruza kidogo. Kwa mtu mzima kinauma vidole na vifundo, hasa asubuhi. Soma tena ulivyoniandikia kuhusu vidole vyako.

Pavovirusi ana ufunguo wa zalio kwa sababu kitu anachojishikiza nacho kipo juu ya ganda la vijitawi. Akivuka, analenga seli zinazotengeneza damu ya mtoto. Mtoto anaishiwa damu, moyo unalemewa, maji yanajaa tumboni na kwenye ngozi. Hata kwa mama aliyeambukizwa kabla ya wiki ya 20 watoto walio wengi wanazaliwa wazima, na watu wazima wengi walishakipata utotoni wakawa na kinga. Lakini hili ni tatizo ambalo likionekana mapema lina tiba, mtoto anaongezewa damu akiwa tumboni, na likichelewa halina. Kwa kawaida hujitokeza ndani ya wiki chache baada ya ugonjwa wa mama. Wewe uko wiki ya tatu.

Kwa hiyo kipimo nilichokutajia ni skani. Ipigwe wiki hii, na umwambie anayepiga: nilikuwa na homa, vipele na viungo nikiwa na wiki 19, naomba uangalie kama kuna maji tumboni mwa mtoto, kuzunguka moyo au chini ya ngozi, na uangalie zalio kama limevimba. Usiseme tu "nimekuja kupima mtoto." Siku hiyo hiyo utolewe damu ya rubela, pavovirusi, dengi na chikungunya kwa kadiri zinavyopatikana, kama maabara haina vyote, sampuli inaweza kusafirishwa nawe ukabaki nyumbani. Skani ikiwa safi, irudiwe kila baada ya wiki moja au mbili mpaka ufike wiki ya 30 hivi, isipokuwa damu imeonyesha si pavovirusi, hapo tunaacha. Ikionyesha maji, usisubiri barua ya pili kutoka kwangu. Najua kuvuka maji mpaka Mokowe, upande wa bara, na ile barabara mpaka Mombasa na tumbo si kazi ndogo. Hiyo ndiyo safari ninayokuomba uifunge mkanda uifanye, kwa rufaa, kwa mtaalamu anayeweza kupima kasi ya damu kwenye mshipa wa kichwa cha mtoto.

Brufen uliyokunywa siku mbili wiki ya 19 isikukoseshe usingizi. Usiirudie tu. Kuanzia wiki ya 20 inaweza kupunguza mkojo wa mtoto na hivyo maji ya uzazi, na mwishoni mwa mimba inaweza kuziba mshipa ulio karibu na moyo wake. Homa ikija tena, meza paracetamol, na maji ya kunywa mengi. Kijitabu chako cha kliniki kifungue uone kama umeandikiwa majibu ya virusi vya ukimwi na homa ya ini aina ya B. Hivyo viwili vinapita zaidi wakati wa kuzaa, na mama akijulikana mapema mtoto anakingwa. Dawa ya kinga ya malaria endelea kuimeza kliniki na neti usiiache, kwani malaria nayo hujificha ndani ya zalio hata damu ya kidole isionyeshe. Chanjo ya rubela usiombe sasa, ni ya virusi hai. Ulizia baada ya kujifungua. Na ukimfuta kamasi mwanao au kumbadilisha, nawa kwa sabuni, usimalizie chakula chake kwa kijiko kile kile. Kuna kirusi kiitwacho saitomegalo kinachokaa kwenye mate na mkojo wa watoto wadogo bila kuwaumiza, na ndicho kinachoongoza duniani kwa kupita kwenye zalio na kuleta uziwi wa kuzaliwa nao.

Kuna jambo la zalio lenyewe siku ya kuzaa. Najua kwenu linaoshwa, linafungwa na kuzikwa kwa heshima, na sitaki lipotee kwenye ndoo ya hospitali. Ila kama mtoto atazaliwa mdogo kuliko wiki zake, ruhusu kipande kidogo kikatwe kikapimwe. Kilichobaki mtarudishiwa mzike. Mara nyingi tunabaki kubahatisha sababu ilhali jibu lilikuwa mkononi mwetu kwa nusu saa.

Na lile nililosema nitalirudia: ukishikwa na homa katika wiki mbili za mwisho au ndani ya uchungu, sema mlangoni kabla hujaulizwa. Usizalie nyumbani siku hiyo. Mwambie mkunga, "nina homa, viungo vinaniuma," na uombe mtoto asiruhusiwe kurudi nyumbani kabla ya siku saba kupita. Akikataa ziwa au akiwa na joto, ni dharura hata kama alilia vizuri alipozaliwa. Ziwa lako endelea kumpa. Na ujue kwamba kingamwili ulizotengeneza kwa homa hii zinavuka zalio kwenda kwake, nyingi zaidi katika wiki za mwisho, naye atazaliwa nazo.

Mavyaa wako nina kazi ya kumpa, maana nyumba ni yake na maneno yake yanasikika. Zamani mabirika ya nyumba za mawe za Lamu yalikuwa na bakuli la kauri limejengewa chini, maji yakipungua samaki wadogo wanabaki humo wakiwala viluwiluwi vya mbu. Wazee waliishi na maji ya kuweka kama sisi, na walikuwa na njia. Mbu wa mchana anatoka kwenye yai hadi kuruka kwa muda wa wiki moja hivi, kwenye maji masafi ya ndani, si ya mtaroni. Kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi mapipa, mitungi na vyombo vya kuku vimwagwe na visuguliwe ndani kwa brashi, maana mayai hunata ukutani juu ya maji, kisha vifunikwe kwa kitambaa kilichofungwa kamba. Nawe wakati huo uwe ushalala kidogo ndani ya neti, hata kama ni saa nne za mchana.